Ndoo, Hafswa

Kisa hiki nakisimulia kwa Kiswahili cha mtihani, ili na watu wa bara wakifahamu. Nikiteleza nikatia neno la kwetu, mtanisamehe, na mtu asiniambie nikune nazi. Nazi nilizokuna mwaka ule zanitosha mpaka naingia kaburini.

Mimi ni Zubeida wa Kisauni, Mombasa, Mvita wa mama na wa baba, na kazi yangu ilikuwa kupika vitumbua. Ulikuwa mwaka wa arubaini na nane. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, lakini mchele ulikuwa bado wa kubahatisha. Siku ukipatikana, watu walitoka mpaka Mishomoroni wakaja kukaa kwenye baraza yangu kabla mafuta hayajapata moto. Nilikuwa nikiishi na Hafswa, binti wa kakangu Awadh. Mamake alifariki mtoto hajaota meno, Awadh akaniletea amefungwa ndani ya leso, nikamlea. Mwenyewe Awadh akahamia Changamwe na duka lake, akaoa, akazaa wengine. Hafswa akabaki wangu. Mtu akiniuliza nina watoto wangapi, nilikuwa nasema mmoja, na sikuona kama nimesema uongo.

Mtoto yule alikuwa na kichwa, sikwambii. Hesabu alikuwa akizitafuna kama njugu. Mwaka huo ndio alikuwa anamaliza shule yetu ya Kisauni, na mbele yake kuna mtihani mkubwa. Awadh akaja siku ya Ijumaa baada ya swala, akala wali akashiba, ndipo akatoa lililomleta.

"Zubeida, mtoto amekua. Akifaulu mtihani huu, abaki kwako, awe akivuka daraja la Nyali kila siku kwenda kusoma ualimu mjini. Sitamzuia. Lakini akianguka, namchukua Changamwe. Mke wangu ana watoto wadogo, ataka wa kumsaidia, na mambo ya shule yatakuwa yamekwisha."

"Hafswa aanguke? Wamjua mwanao wewe?"

"Nimesema akianguka."

"Basi huyo wa kumsaidia mkeo katafute kwengine," nikamwambia, na nikaondoa sahani hata hajanawa vizuri. Ndivyo nilivyo. Nikiguswa pale penyewe, adabu hunipotea.

Sasa kabla sijaendelea, lazima niwaambie kisa cha Mwalimu Elkana na ndoo, kwa sababu ndicho kilichokuja kuniadhiri.

Mwalimu Elkana ndiye aliyekuwa akiwasomesha. Mtaita, mtu mpole, shati jeupe kila siku. Mara ya kwanza kuja kwangu, alisimama nje akapiga hodi. Mimi niko jikoni, mikono imejaa unga, nikamwitikia, "Karibu, Mwalimu, ndoo ndani." Kwetu sisi ndoo ni kumwambia mtu aje. Nyinyi mwasema njoo. Mara nikamwona Mwalimu huyo anaingia, amekumbatia ndoo yangu ya maji iliyokuwa kando ya mlango, imejaa pomoni, na shati lote limeroa. Akaniuliza kwa heshima zake, "Niiweke wapi, mama?"

Wallahi nilicheka mpaka nikakaa chini. Kile kisa nilikitembeza Kisauni nzima. Nilikisimulia kisimani, nilikisimulia kwenye maarusi, na kila nikifika kwenye "niiweke wapi, mama", nilikuwa nasimama nikaigiza na mikono. Wanawake wakawa wakimwita Mwalimu Ndoo, si mbele yake lakini. Awadh mwenyewe alikuwa akija kutoka Changamwe akiniambia, "Hebu tusimulie ile ya ndoo." Ndio raha niliyokuwa nayo na mtu yule, mpaka siku aliyorudi kwangu na karatasi mkononi, zimebaki wiki tatu mtihani ufike.

Nilimkaribisha akaketi. Hafswa alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, namwona vidole vyake tu.

"Mama, nimewapa mtihani wa kujipima," akasema. "Hafswa amefanya vizuri mno. Hesabu amepata zote. Kiingereza kizuri, jiografia nzuri. Ameanguka somo moja."

"Lipi?"

Akakohoa. "Kiswahili."

Nilidhani masikio yangu yameingia maji. Mtoto wangu mimi, Mvita, aanguke Kiswahili, na anayemwambia kaanguka ni Mtaita aliyeshindwa kujua ndoo. Nikashika kiuno. "Kiswahili gani, Mwalimu?"

"Ni insha ya arusi. Nitakusomea kidogo." Akafungua ile karatasi, imejaa wekundu. "'Bibi arusi alipotoka nde, watu wote waliteka.' Sasa mama, nde naona ni nje, lakini waliteka nini?"

"Waliteka. Walifurahi, wakateka."

"Maji?"

"Maji ya nini tena? Mtu huteka maji arusini? Wali-te-ka," nikamwonyesha na meno.

"Kumbe walicheka. Kwenye mtihani, kuteka ni kuteka maji kisimani, ama ni askari kuteka nchi. Atakayesahihisha yuko Nairobi, atadhani wale wageni walimnyang'anya bibi arusi." Akaendelea kusoma. "'Mamake alifuta matozi. Mimi nilikuwa nimetoka sana, nikakaa tini.' Sasa huyu ametoka, halafu tena amekaa. Ametoka akaenda wapi?"

"Ametoka ni amechoka, baba. Amecheza ngoma usiku kucha, hajatoka?"

"Ndiyo hivyo, mama. Angeandika amechoka."

Nikamuuliza ni nani aliyesema hivyo. Akanieleza taratibu kwamba wakubwa wa elimu walikaa zamani wakachagua Kiswahili kimoja cha vitabu vya shule, Kenya na Tanganyika na Uganda na Unguja, na kwamba walichagua kile cha Unguja. Nikamuuliza walikaa wapi. Maskini ya Mungu, hakujua kusema uongo. Akatazama viatu vyake akasema, "Nasikia walikaa hapahapa Mombasa."

"Walikaa Mombasa, wakanywa kahawa ya Mombasa, wakachagua cha Unguja?"

"Mama, sikuwako."

Nilipandwa na hasira, hata kahawa niliyokuwa nimemwekea niliinywa mimi. Lakini yeye hakuondoka. Alinyanyuka, akaiweka ile karatasi juu ya mkeka, akasema neno moja lililonikata maini: "Ukianguka somo moja, umeanguka yote. Sheria yao ndiyo hiyo." Kisha akaaga.

Hafswa akatoka nyuma ya mlango, uso umevimba. Aliniambia kitabu cha Kiswahili hakuwahi kukifungua mwaka mzima. Alikuwa akisoma mito ya Ulaya na vitenzi vya Kiingereza, Kiswahili akikiruka, kwa sababu akifungue cha nini na amezaliwa nacho. Na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia hivyo. Nilikaa kwenye mkeka nikaona mbele yangu nyumba imenyamaza, chungu kimoja, sahani moja, na mtoto yuko Changamwe anabeba mtoto wa mwenziwe mgongoni. Niliogopa. Sikuwa nimeogopa hivyo hata wakati wa vita.

Katika kuogopa huko, Nyamvula akaingia na nazi.

Nyamvula alikuwa akisoma darasa moja na Hafswa. Wagiriama, Wakristo, wametoka bara huko kwao wakaja kulima Mishomoroni, na babake, Lewa, alikuwa mkwezi. Nazi zangu zote zilitoka kwa Lewa, na Nyamvula ndiye aliyekuwa akizileta. Mimi nilizoea kumtania. Yeye akisema mtu, ulisikia "mutu", na mimi nilikuwa nikimwambia, "Mwanangu, hiyo u ya katikati umeitoa shamba?" Naye hucheka tu. Siku ile alilitua kapu lake, akaiona ile karatasi, akaisoma yote akiwa wima. Kumbe yeye katika mtihani uleule alikuwa wa kwanza wa Kiswahili. Hesabu ndizo zilizomwangusha.

"Wewe?" nikamuuliza. "Na hiyo mutu yako?"

"Nasema mutu, Bi Zubeida, lakini naandika mtu," akasema. "Mimi Kiswahili nimekisoma kama mnavyosoma Kiingereza. Kila neno nimeliangalia mara mbili."

Akakaa karibu na Hafswa akamwambia asilie, tena akampangia kazi kama mtu mzima. Wakati hautoshi kusoma kitabu kizima, na wala hana haja nacho, kwa kuwa mengi anayajua. Wasome makosa yake tu. Na asiyasome kwa macho, ayaseme kwa mdomo kutwa kucha, ulimi ukizoea mkono utafuata. Akaniangalia mimi. "Taabu ni hapa nyumbani. Akitoka shule amesema macho, akifika hapa wewe wamwambia afumbue mato."

"Kwa hivyo nihame nyumba yangu?"

"La. Useme nawe."

Nawaapia, kama si sura ya Hafswa ningemfukuza na nazi zake. Lakini mtoto alikuwa ananitazama bila kupepesa. Nikasema sawa. Wakaweka sharti: tangu saa hiyo, atakayetamka neno la Kimvita ndani ya ua ule, awe nani, ataketi kwenye mbuzi akune nazi nzima peke yake. Nazi za vitumbua zilikuwa lazima zikunwe kila siku, basi angalau zikunwe kwa faida. Hafswa naye atamlipa Nyamvula kwa kumfundisha hesabu. Nikaona ni mchezo wa watoto.

"Haya," nikasema, "hiyo mbuzi iwekeni hapo tini, tuanze."

Nyamvula akaiweka mbuzi chini, akapasua nazi, akanipa kifuu mkononi.

Wiki ile ya kwanza nilikuna mimi. Hafswa alikuna kidogo, Nyamvula hakukuna hata mara moja, mimi nilikuna mpaka kiganja kikatoka lengelenge. Nilikuwa nikitaka mchele nasema mtele. Nikitaka wali utiwe mchuzi nasema mtuzi. Nikinyamaza nisikosee, nasahau naita jirani, "Mwanatatu, ndia i wazi?" badala ya njia, na nazi hiyo yaja. Siku moja nilikosea katika kulalamika kwamba nimekosea. Vitumbua vya siku zile vilikuwa na tui zito ajabu, kwa sababu nazi zilikuwa zinakunwa kupita haja, na wateja wakasifu. Watu wa Mishomoroni wakauliza nimebadili nini. Niliwaambia ni Kiswahili cha Unguja, wasielewe.

Mwanatatu alipopata habari alikuja kunicheka. Ni rafiki yangu wa utotoni na mdomo wake mchungu kuliko wangu. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni. "Zubeida, wamekuroga? Mtu mzima wakuna nazi kwa sababu umesema kitwa hukusema kichwa?" Hafswa alimsikia. Aliinuka, akamtandikia, akamwonyesha mbuzi. Na sharti ni sharti, awe nani. Mwanatatu alikuna akitukana, na kila tusi lina neno la kwetu ndani, akaondoka amemaliza nazi tatu. Lakini kesho yake alirudi mwenyewe, ati kutazama.

Hapo ndipo ua wangu ukachangamka. Wanawake wakawa wanakuja na kazi zao, huyu ukili wake wa mkeka, huyu kofia anayoshona, na kazi ni kutegana. Mmoja anamuuliza mwenziwe, "Kile cha ufuoni cheupe, kinachoingia chakulani, chaitwaje?" Mwenziwe anafikiri, anatoa kwa hofu, "Mchanga," na wote wanashangilia. Hafswa katikati yao akiwasahihisha. Nyamvula aliniambia hiyo ndiyo dawa yenyewe, kwamba mtu anayefundisha watu wazima kumi hana nafasi ya kusahau. Naye Nyamvula akapata zake. Sehemu za hesabu zilikuwa hazimwingii hata kidogo, nusu ya robo na robo ya nusu, mpaka Hafswa akachukua kitumbua, akakikata mbele yake, akamwambia hii ni robo, sasa nikatie nusu ya hii robo. Akakikata. "Umepata nini?" "Kipande kidogo cha kitumbua." "Vingapi kama hiki vitajaza kitumbua kizima?" Akahesabu. "Vinane." "Basi." Nyamvula akakaa akakitazama kile kipande, na uso wake ukafunguka, kisha akakila. Walikula hesabu nyingi wale, na mimi sikuwakataza.

Lakini kuna siku niliumia. Moshi ulinipata jikoni, na Hafswa akaja na kanga yenye maji akaniambia, "Shangazi, funga macho nikufute." Alilisema macho bila kufikiri, kama aliyezaliwa nalo. Ndicho tulichokuwa tukikitafuta, nami badala ya kufurahi nikahisi mtu ameniibia kitu. Neno lile la mato nilimfundisha mimi, nikimgusa usoni yuko mapajani, haya mato, hii pua.

"Utanisahau ulimi wangu," nikamwambia.

Akaniangalia sana. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Shangazi, siku nitakayofaulu, neno la kwanza nitakalokwambia litakuwa la kwetu. Hiyo ni ahadi."

Nikamwambia aniache nipike.

Asubuhi ya mtihani nilimvisha mwenyewe, nikamsomea, nikampulizia kichwani. Nyamvula alikuja kumpitia, miguu imepakwa mafuta ya nazi inang'ara. Wakatoka. Walikuwa wameshafika kwa Mwanatatu nilipoiona kalamu yake ya risasi, ile niliyoichonga mimi kwa kisu, iko juu ya mtungi. Nikatoka mlangoni nikaita kwa nguvu zangu zote, kama nilivyomwita miaka yote ya maisha yake:

"Hafswa, ndoo!"

Nikajisikia mwenyewe. Wiki tatu nimekuna nazi, wiki tatu nimejing'ata ulimi, na neno la mwisho analoingia nalo mtihanini nimempa lile lile bovu. Nilitoka mbio bila viatu, leso moja mkononi, napiga kelele, "Njoo! Nimesema njoo! Njoo, njoo, njoo!" Watu wakatoka majumbani. Hafswa alikuwa ameshageuka zamani anakuja, akanishika mabega. "Nimekuja, Shangazi. Niko hapa." Mimi bado nasema njoo. Nyamvula ikabidi ajifiche nyuma ya mnazi acheke.

Alasiri walirudi. Hesabu zilikuwa nzuri, wote wawili walisema. Nusu ya robo ilikuja, Nyamvula akaipiga. Nikauliza Kiswahili kilikuwaje.

"Walitaka barua," Hafswa akasema. "Umwandikie jamaa yako aliye mbali umwite aje sikukuu."

Nikamshika mkono. "Ukamwita vipi?"

Akafikiri. Akafikiri tena. "Sikumbuki, Shangazi. Niliandika haraka, kengele ilikuwa yataka kupigwa. Nakumbuka nilimwita mara nyingi."

"Kwa njoo au kwa ndoo?"

"Sikumbuki."

Mara nyingi. Yaani kama ni ndoo, barua yote ilikuwa ndoo tupu, na yule msahihishaji wa Nairobi amekaa anajiuliza kwa nini mtoto huyu amwandikia jamaa yake habari za ndoo. Sikula siku ile. Magharibi nikaweka nadhiri: kosa ni langu, basi mimi sitatamka neno la Kimvita mpaka majibu yatoke, na nyumba yangu pia. Si kwa ajili ya nazi tena. Nilimwambia Mungu mimi nitashika kwangu, yeye amwangalie mtoto. Na nikashika. Niliota kwa Kiswahili cha Unguja. Nilikwenda matangani nikalia kwa Kiswahili cha Unguja, watu wakageuka. Mwanatatu akawa ananiita Bi Mkubwa wa Serikali, nami namjibu, "Naam, wataka nini, njoo uketi chini." Miezi ilikwenda hivyo, na mwishowe sikuwa tena najing'ata ulimi. Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe.

Siku ya majibu Awadh alifika mapema, kanzu imepigwa pasi. Akaketi barazani. Alikuwa amekuja na gunia tupu la kutilia nguo za Hafswa, amelikunja amelikalia nisilione. Nililiona. Hafswa na Nyamvula walikuwa wamekwenda shule kutazama, na mimi sikuweza kukaa na Awadh, maana ningemtukana. Nikaingia jikoni nikapasua nazi, nikakuna. Hakuna aliyenilazimisha. Mikono ilitaka kazi tu.

Nikasikia nyayo za watu uani. Kisha sauti ya Hafswa, kali, nzuri, inatoka mlango wa ua:

"Shangazi, ndoo!"

Nikaruka. Nikaikamata ndoo iliyokuwa kando ya mlango, imejaa, nikaikumbatia na kutoka nayo mbio, maji yananimwagikia kifuani, leso yote imeroa chapachapa. Nikasimama katikati ya ua. Pale mlangoni yuko Hafswa, na Nyamvula, na nyuma yao Mwalimu Elkana na shati lake jeupe. Wote wananitazama. Awadh amesimama barazani mdomo wazi.

"Haya, hii hapa," nikasema. "Niiweke wapi?"

Nikamwangalia Hafswa, nikaona machozi yanamtiririka na meno yote nje, na ndipo likaniingia neno alilolisema. Halikuwa la maji. Lilikuwa lile la ahadi. Mwanangu amefaulu, ameniita kwa ulimi wangu, na mimi Mvita wa mama na wa baba nimemletea ndoo.

"Wote wawili, mama," Mwalimu Elkana akasema. "Hafswa na Nyamvula, wote wawili wamefaulu." Akaja taratibu, akashika mkono wa ile ndoo anisaidie uzito. Mtu yule ndiye niliyemcheka kisimani na maarusini. Akaniangalia kwa upole wake uleule, akasema:

"Iweke hapo tini, mama."

Awadh ndiye aliyeanza. Alipasuka pale barazani akajikunja, na Nyamvula akamfuata, na Mwanatatu akaja mbio kutoka kwake kuuliza kumetokea nini, akaiona ndoo na leso yangu, hakuhitaji kuambiwa. Mimi niliitua, nikamvuta Hafswa nikamkumbatia na maji yangu yote. "Ndoo," nikamwambia sikioni. "Ndoo, mwanangu, ndoo." Naye akaja, ingawa alikuwa ameshafika.

Nadhiri ilikuwa imekwisha. Tukateka. Tukateka mpaka tukatoka, tukakaa tini kwenye mtanga sote, na Awadh akalivuta lile gunia lake tupu akafutia matozi. Nazi siku ile hapana aliyekuna.